Taulo la Heche

Zamani, siku ya mnada pale Nyamwaga, Heche hakuweza kupita bila kushikwa mkono. Akina mama waliacha ndizi zao ili wamtazame bondia aliyewatoa jasho watu wa Musoma. Hata leo akinusa ngozi ya glavu, moyo humruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Siku zile zilikuwa tamu jamani!

Zilikatizwa na ukaidi wake mwenyewe. Kijana wa Kikurya hufunzwa kutopepesa jicho mbele ya kisu cha ngariba, basi Heche akipigwa kichwani na ulingo ukamzunguka, alimwambia mwamuzi, "Niko sawa." Aliyasema hayo mara tatu katika mwaka mmoja. Ya tatu ilimsahaulisha jina la mkewe, Boke, kwa siku mbili. Daktari hakumung'unya maneno: akirudi ulingoni, atakufa.

Kwa miaka minne akawa mtu wa kujificha migombani, kichwa kikimgonga na jua likimchoma macho. Alizililia siku zake bila haya.

"Bila ngumi mimi ni nani?" alimwuliza mdogo wake Nchagwa, naye bondia.

"Ni kaka yangu. Jumamosi njoo usimame kwenye kona yangu."

Jumamosi uwanja ulifurika. Raundi ya tano, Nchagwa aliyekuwa akiongoza alikula ngumi ya sikio. Kengele ilipolia akaelekea kona ya mpinzani wake, kisha akarudi akicheka.

"Niko sawa, kaka. Imebaki raundi moja, mkanda ni wetu!"

"Mura, mdogo wangu, asubuhi umekula nini?"

Nchagwa akamkodolea macho. Hakukumbuka.

Mwamuzi hakushtuka, na watu walikuwa wakiimba jina la Nchagwa. Heche aliujua utamu wa wimbo ule, na alijua unakompeleka mtu. Akatupa taulo ulingoni, pambano likakatishwa.

"Mwoga!" uwanja ukamzomea.

"Umeniaibisha mbele ya ukoo!" Nchagwa akafoka, akimsukuma kifuani. Mara akayumba, akatapika.

Hospitalini walikuta damu imeanza kuvuja ndani ya fuvu. Siku ya tatu Nchagwa alifumbua macho, akaushika mkono wa kaka yake.

"Uliona nini ambacho wengine hawakukiona?"

"Nilijiona mimi," Heche akajibu, machozi yakimlengalenga.

Siku hizi bondia wa Nyamwaga hapandi ulingoni kabla Heche hajafika kwenye kona. Ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.