Siku ya Kuingia

Paukwa!

*Pakawa!*

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

*Pakawa!*

Haya, hapo sawa. Wakubwa kunjeni miguu, watoto wapite mbele. Na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna kimyakimya, tuna safari ndefu.

Palikuwa na nchi, zamani ile ambayo wanyama walikuwa na mikutano na wajumbe na ubishi, kama sisi tu. Nchi yenyewe iliitwa Tambarare. Upande mmoja mto, upande mwingine bwawa, katikati mbuga, na nyuma ya bwawa kilima cha mchanga. Nchi hiyo ilikuwa na sikukuu yake, moja kwa mwaka, siku ya saba ya mwezi wa tatu wa kiangazi. Waliiita Siku ya Kuingia.

Aliyeingia nani? Nyati! Walitoka nchi iliyokauka, wana kiu ya siku tisa, ndama wanaanguka njiani. Wakavuka mto, mto wenyewe mchanga mtupu. Wakanusa maji mbele. Wakakimbia, gidi gidi gidi gidi, mpaka bwawani, pwaa! Wakanywa, wakapona. Ndiyo maana kila mwaka siku hiyo nyati walirudi mtoni, wakajipanga, wakakimbia upya njia ileile. Gidi gidi gidi gidi, pwaa! Halafu ni kula na kuimba mpaka jua linazama.

Na kabla ya kukimbia palikuwa na jambo moja. Kila mama alifukua udongo wa njia ile, akatafuta kigae cheupe. Vilikuwa vingi, laini, vimepinda kidogo. Mama anampaka ndama tope kwenye paji la uso, anakibandika kigae, anasema, "Hiki ni kigae cha heri. Wazee wetu walituachia. Kimbia, usianguke."

Sasa, katika nyati wote hao hapakuwa na aliyeipenda sikukuu kama Bi Nyati. Alikuwa mzee huyo, pembe moja imevunjika ncha, magoti yanalia akisimama. Lakini sauti! Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na bila yeye kuanza hapakimbiwi. Wimbo aliupata kwa mama yake:

*Tumefika, ee, tumefika,*
*maji yako mbele, tumefika.*

Mama yake alikuwa amekufa siku nyingi. Sura yake ilishaanza kumpotea Bi Nyati, si uongo, inauma lakini ndivyo ilivyo. Ila siku ile ya saba, akisikia ubaridi wa tope usoni, mama alirudi mzima mzima. Alirudi na pumzi yake yenye harufu ya majani yaliyocheuliwa, alirudi na ulimi wake mkavu ukimlamba sikio. Kigae alichobandikwa na mama alikihifadhi chini ya jiwe mwaka mzima. Siku ikifika, alikivaa kilekile. Alikuwa na mama siku moja kwa mwaka, na siku hiyo aliingoja kama mtoto.

Mnafuata? Haya.

Bi Nyati alikuwa na jirani, Mama Mbuni. Walilisha pamoja miaka na miaka. Mama Mbuni ana shingo, anaona mbali. Bi Nyati ana pua, ananusa mbali. Simba akitokea, mmoja wao atajua. Lakini siku ya sikukuu Mama Mbuni haonekani, wala mbuni mwingine yeyote. Nyati walicheka, "Wale? Wamefukia vichwa mchangani! Wanaona haya, hawana sauti ya kuimba!" Na Bi Nyati alicheka nao, kila mwaka.

Basi mwaka mmoja, zimebaki siku kumi, ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti alikuwa Mzee Pofu, wa ukoo wa swala wakubwa, mnyama mpole, mwenye kusema polepole mpaka wengine wanasinzia. Mama Mbuni akasimama.

"Wenzangu," akasema, "naomba siku ya nchi ihamishwe."

"Ihamishwe iende wapi?" akauliza Mzee Pofu.

"Popote. Mtaje siku nyingine yoyote, sisi mbuni tutakuja. Hii hatuwezi."

Kelele! Huyu anapiga kwato, yule anakoroma. Bwana Ngiri, yule wa meno nje, akarukia juu ya kichuguu. "Mimi nakubali! Tena zisiwe moja, ziwe mbili, mtu ale mara mbili!"

"Kaa chini, Ngiri."

"Nimetoa wazo tu."

Bi Nyati akasimama, magoti yakalia. Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Siku si mkeka, uikunje huku uitandike kule. Mama yangu alikimbia siku hiyo. Bibi yangu alikimbia siku hiyo. Nikiimba siku nyingine, mama atajuaje kwamba ni mimi?"

Mama Mbuni akamtazama. "Jirani, umewahi kuniuliza siku hiyo huwa niko wapi?"

"Nani asiyejua ulipo?" akajibu Bi Nyati, na nyati wakaangua kicheko.

Mama Mbuni akaketi. Mzee Pofu akakohoa. "Tutaamua jioni ya sikukuu. Nyati ndio wengi hapa, na nyati humsikiliza Bi Nyati. Kwa hiyo, Bi Nyati, litafakari jambo hili." Naye Bi Nyati akajisemea moyoni kwamba hana la kutafakari.

Siku kumi zikaisha. Asubuhi ya sikukuu Bi Nyati akafunua jiwe, akapaka tope, akavaa kigae chake. Mama akaja, kama kawaida. Harufu ile, ulimi ule. Bi Nyati akajisikia mwema. Akawaza, "Ngoja nimfuate yule jirani yangu mkaidi. Nitamleta mwenyewe. Akishaonja shangwe mara moja, maneno yataisha." Akawaambia wenzake wamngoje mtoni. Akazunguka bwawa, akapanda kilima cha mchanga, taratibu, jua linaanza kuchoma.

Akafika juu, akatazama ng'ambo. Akasimama.

Mbuni wote walikuwa pale. Wamekaa chini, kila mmoja juu ya shimo lake la mchanga, mabawa yametandazwa kama wanaatamia. Shingo zimelazwa chini, zimenyooka. Hapakuwa na kichwa kilichofukiwa, hata kimoja. Hakuna aliyesema. Hakuna aliyekula. Upepo unapita tu, fyuu, fyuu.

Bi Nyati akamsogelea jirani yake, akashusha sauti. "Mama Mbuni, hodi."

"Karibu."

"Mnaatamia nini? Sioni yai."

"Hayapo."

"Yako wapi?"

Mama Mbuni akainua shingo, polepole. "Moja umelivaa usoni."

Jamani. Bi Nyati alidhani hakusikia vizuri.

"Babu zako walipovuka mto," akasema Mama Mbuni, "sisi tulikuwa tumetaga kati ya mto na bwawa. Mchanga wa pale una joto zuri. Mayai mia na zaidi, yamebakiza siku tatu yaanguliwe. Vifaranga walishaanza kulia ndani, ukiweka sikio unawasikia. Babu zako walikuwa na kiu, walinusa maji, wakakimbia. Hawakuona. Mimi nasema hivyo, na mama yangu alisema hivyo, kwamba hawakuona. Ila tangu hapo siku hii tunakaa juu ya mashimo matupu, toka jua kuchomoza mpaka kuzama. Na kila mwaka tukiwa tumekaa hapa, tunawasikia mnakimbia tena."

Bi Nyati akatikisa kichwa. "Si kweli. Hiki ni kigae cha heri. Mama yangu alinipa."

Mama Mbuni hakubishana. Akanyanyua bawa, akatoa kigae kingine kwa mdomo, akakiweka mchangani. Bi Nyati akasugua paji lake ardhini, tope likabanduka, chake kikaanguka. Mama Mbuni akakisukuma mpaka viwili vikagusana. Vilipinda mpindo mmoja. Mtoto mdogo angejua ni ganda la yai.

Bi Nyati akavitazama. Akacheua, na hakuwa na kitu cha kucheua. Halafu akasema, kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Mama hakujua."

"Najua hakujua."

"Alinipenda sana, Mama Mbuni."

"Najua, jirani. Alikupenda, akakubandika kitu kizuri kuliko vyote alivyoviona. Wala sikulaumu wewe, wala yeye simlaumu."

Hapo ndipo Bi Nyati alipoumia kweli. Angetukanwa, angejibu. Aliyeambiwa "sikulaumu" atajibu nini? Akakiacha kigae pale pale kwenye shimo, akashuka kilima uso mtupu.

Mtoni wamejipanga, vumbi linafuka, ndama wanarukaruka na vigae vyao. "Bi Nyati huyo! Anzisha! Anzisha!"

Akafungua mdomo. *Tume*... Ikakwama. Akajaribu tena. Ikakwama. Akaitazama njia ile, nyeupe kwa vigae vilivyofukuliwa, njia aliyoikimbia akiwa na mama ubavuni, na kwa mara ya kwanza akaona alikuwa anakanyaga nini. Akasema, "Leo hatukimbii. Tutazunguka kwa kule nyuma, tena kwa kutembea."

Mkidhani mmewahi kuona watu wamenuna, hamjaona! Walitembea mpaka bwawani wakinung'unika, na pale bwawani Bi Nyati akawasimulia yote, bila kupunguza. Akatokea fahali mmoja, kifua mbele. "Unataka kusema wazee wetu walikuwa wauaji?"

"Walikuwa na kiu," akasema Bi Nyati. "Nimesema walikuwa na kiu, na wasingenywa, mimi na wewe tusingekuwepo. Nawashukuru mpaka leo."

"Basi sisi kosa letu nini? Hatukuwepo!"

"Siku ile hatukuwepo. Leo tupo. Wao walikanyaga bila kuona. Wewe nimekuonyesha. Kesho ukikimbia pale, utakuwa unakimbia kwa kiu gani?"

Fahali akarudi kundini. Mzee Pofu, jua likiwa linaelekea kuzama, akauliza: kama si siku hii, ni ipi? Huyu akataja hii, yule ile. Bwana Ngiri akataja mbili. Mwishowe ikatajwa siku ya mvua ya kwanza, maana siku hiyo kila mwenye mdomo Tambarare anakunywa, na hakuna anayemkanyaga mwenzake kufika majini.

"Mvua haina tarehe!" wakalalamika. "Mtu atajiandaaje?"

"Atatazama mawingu," akasema Mzee Pofu, "kama anavyofanya siku zote."

Waliokubali na waliokataa walikaribiana sana. Wote wakageuka kumtazama Bi Nyati. Naye akajua akisema ndiyo, yule mama wa siku ya saba hatarudi tena. Kisha akaenda upande wa waliokubali, na nyati wengi wakamfuata. Wengine walisusa, msidhani mambo haya huisha kirahisi.

Mvua ya kwanza ikaja mchana mmoja, pa, pa, pa, halafu shaa! Wanyama wakakusanyika mbugani, na hakuna aliyejua la kufanya. Hakuna mbio. Hakuna wimbo. Wamesimama wanalowa. Ngiri peke yake ndiye aliyekuwa anagaagaa kwenye tope, ameridhika. Ilikuwa sikukuu mbaya, niwaambie ukweli, sikukuu isiyo na ladha. Bi Nyati alisimama pembeni, akafumba macho, akangoja. Harufu haikuja. Ulimi haukuja. Ni mvua tu. Akalia, na katika mvua nani atajua?

Mama Mbuni alijua. Alikuwa amekuja na mbuni wote, kwa mara ya kwanza tangu nchi iwe nchi, manyoya yamelowa, wamependeza vibaya. Akasimama ubavuni mwake.

"Unamlilia nani, jirani?"

"Mama. Siku yake imeondoka, na mimi ndiye niliyeiondoa."

Mama Mbuni akamsogezea bawa. Kisha akauliza, "Alikuwaje?"

Bi Nyati akafumbua macho. Miaka yote ile ya shangwe, mbio na vumbi, kila mtu alimwambia anzisha, anzisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama yake alikuwaje.

Akaanza kueleza. Kwamba alikuwa mfupi. Kwamba alichechemea mguu wa nyuma, na akiulizwa alisema ni mwendo wa madaha. Kwamba aliogopa radi, akajificha chini ya tumbo la wanawe, nao wadogo kuliko yeye. Mama Mbuni akacheka. Mbuni wengine wakasogea, nyati wakasogea, Ngiri akatoka kwenye tope. Bi Nyati akaeleza mambo aliyokuwa hajayakumbuka tangu utoto, moja linavuta jingine, na kadiri alivyoeleza ile sura iliyokuwa inampotea ikaanza kumjia, jicho, pua, kidevu, mpaka akamwona mama yake mzima, na haikuwa siku ya saba ya mwezi wowote.

Wanangu, na wakubwa zangu pia mnaojifanya hamsikilizi: siku ya nchi ni ile ambayo kila mwenye nchi anaweza kuja. Ikiwa wenzako wanaiomboleza, ihamishe. Uliowapenda hawakai kwenye tarehe, watakufuata uendako.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda na aibebe, akawasimulie wa kwao.