Kompyuta ya Kisimani Ilivyoganda

Hapo zamani za kale, zamani ile mawe yakiwa bado laini kama maandazi, wanyama walikuwa na kompyuta. Naam, kompyuta! Mnadhani zimeanza juzi? Yao ilikuwa kubwa kama nyumba saba, na kazi yake ilikuwa kupanga zamu za maji kisimani.

Mbele, juu ya sanduku, alikaa Bi Kasuku. Nyuma, chini kabisa ya ardhi, alikaa Mzee Fuko, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kati yao bomba refu. Ukitaka maji, unamtajia Kasuku jina lako, analipuliza bombani, puuu! Fuko huko chini anapima maji, anarudisha jibu. Hapo Mama Nyati, mwenye ufunguo, anafungua kisima. Bila jibu, hupati hata tone.

Aliyeiunda ni Fundi Kifaru, na kofia nyekundu ya ufundi aliivaa yeye. Lakini roho ilimuuma! Kila siku anasikia nini? "Ah, Bi Kasuku ana sauti! Akisema 'karibu' unasahau kiu!" Hakuna anayesema, "Ah, Kifaru!" Na yule Kindi, kitu chenyewe kama kiazi, akipita tu watoto wanamkimbilia. Kifaru akiona hivyo, pembe inamwasha.

Asubuhi moja akamvaa Kasuku. "Wewe! Ukishapuliza jina, marufuku kufungua mdomo mpaka upate jibu. Maneno mengi yanaharibu mashine yangu."

"Hata karibu, Fundi?"

"Hasa hiyo!"

Basi. Akaja Swala na ndoo yake. Jina likaenda, puuu! Wakangoja. Kimya. Kasuku katoa macho, mdomo kaufumba. Jua likapanda, foleni ikavuka milima mitatu. Kompyuta imeganda!

Kifaru akaipiga teke, gwaa! Ikawa vile vile. Akamshusha Kasuku, akampandisha tena. Wapi!

"Fundi," akasema Mama Nyati, "ndama wangu ulimi umemkauka. Atakayeifanya hii mashine ijibu kabla jua halijafika utosini, kofia ni yake."

"Shikamoo, Mjomba Fundi," ikasema sauti ndogo miguuni. Kindi!

Moyo wa Kifaru ukalia paa! "Huyu? Hata nyundo hana!"

"Mimi nasikiliza tu, Mjomba."

Akabandika sikio kwenye bomba. Akasikia, mbali huko chini, sauti ya mtu mwenye adabu zake: "Hodi... hodi... hodi..."

Lo! Mzee Fuko jibu analo! Ila mtu mstaarabu haingii kwa watu bila kukaribishwa. Na Kasuku huku juu haruhusiwi kukaribisha mpaka jibu liingie. Huyu anamngoja yule, yule anamngoja huyu, wangengoja mpaka wote waote mvi.

Kindi akamnong'oneza Kasuku, "Sema karibu." Kasuku akaitazama pembe ya Kifaru, akatikisa kichwa. Kindi akasema mwenyewe, lakini kasauti kake kakafia nusu ya bomba. Akawaza. Kisha akakaa chini, akajipangusa jasho.

"Nimeshindwa, Mjomba. Kofia baki nayo."

Kifaru akacheka hadi masikio yakagongana.

"Ila huko njiani wanakusema," akaendelea Kindi. "Eti Kasuku akisema 'karibu' inafika mpaka chini ya ardhi. Wewe ukiisema, eti inatoka kama kikohozi cha mbuzi, haivuki hata mdomo wa bomba."

"Nani kasema?"

"Wote. Mimi nimebisha sana, lakini wananicheka."

"Kasuku anishinde mimi? Mimi? Sogea!" Akabandika mdomo bombani. "KARIIIBUUUU!"

Miti ikapukutika majani yote. Mto ukarudi nyuma hatua kumi. Halafu... puuu!

"Ahsante, mwanangu," ikapanda sauti ya Fuko. "Nilidhani leo hamtaki wageni. Swala, zamu yako, ndoo mbili."

Vigelegele! Kifaru akaishika kofia kwa mikono miwili. "Mimi! Mimi ndiye niliyeitengeneza! Mmenisikia wote!"

"Tumekusikia, Mjomba," akasema Kindi. "Kumbe ilikosa karibu tu?"

"Karibu tu! Hata mtoto angejua!"

"Na aliyeipiga marufuku ni nani?"

Kifaru akakohoa. Akatazama mawingu. Macho yote yakamgeukia Kasuku. Na Kasuku, kwa kuwa jibu lilikwisha kuingia, ruhusa ya kufungua mdomo alikuwa nayo. Aliufungua wote! Alieleza neno kwa neno, marufuku ya Kifaru na ile 'karibu' aliyonong'onezwa na Kindi, kwa sauti ile ile tamu.

Mama Nyati akanyoosha mkono, akamvua Kifaru kofia mbele ya foleni nzima. Akamvika Kindi; ilimfunika mpaka mkiani, lakini aliivaa. Na Kifaru siku ile alikunywa wa mwisho, tope tupu, huku anasikia watu wanavyoisifu kofia kichwani kwa mwingine.

Basi wanangu, ukimfunga mwenzako mdomo kwa wivu, jibu unalolingoja wewe mwenyewe ndilo utakalolizuia.