Fisi Ajiunga na Upatu

Mwaka ule jua liliila nchi ya wanyama hadi mto ukabaki jina tu. Aliyejua kuchakura ndiye aliyekula, na kwa kuchakura hakuna aliyemshinda Bi Kanga. Kila jioni alirudi na mtama alioufukua vumbini. Mlangoni alimkuta mumewe, Fisi, kifua mbele, akiupokea wote. Fisi alisema ghala la nyumba ni tumbo la baba, na kwa ukubwa wa lile tumbo, hakukosea sana. Kanga na vifaranga waliambulia makapi. Kanga akilalamika, aling'olewa manyoya.

"Si uondoke?" Fisi alipenda kumuuliza huku akichokonoa meno. "Huko utakula nini, upepo?"

Alfajiri Kanga alirudi machakani kuchakura.

Jibu alilipata kwa Bi Sungura, kijumbe aliyesimamia upatu wa akina mama. Kila siku ya gulio kila mwanachama alitoa kibaba cha mtama, na mmoja wao, kwa zamu, akaondoka na vibaba vyote. Sungura alimshauri atoe chake huko huko machakani, kabla mtama haujaonana na Fisi, tena achukue zamu ya mwisho.

"Na usimtishie kuondoka, shoga," alisema. "Anayetangaza safari hufungiwa mlango. Weka kwanza."

Lakini pua ya Fisi haina mapumziko. Siku moja alifika gulioni, mate yakimtangulia, akadai gunia la vibaba vyote, eti mali ya mke ni ya mume.

Sungura akainama kwa adabu iliyopita kiasi. "La mkeo bado, shemeji. Zamu ya leo ni yangu; nakuachia, mimi nitapokea gulio lijalo. Ila desturi yetu unaijua: aliyekula hulisha wenzake mpaka mzunguko uishe."

Baada ya "nakuachia", Fisi hakusikia neno jingine. Aliapa mbele ya wote, akafakamia gunia zima palepale, akalala usingizi wa washindi.

Gulio lililofuata, Bi Nyegere, mwanachama wa upatu, alipiga hodi kwake. Huyu Nyegere, hata Simba humpisha njia. Alitaka kibaba. Fisi akamwamuru mkewe atoe.

"Cha mkeo kimeshafika," Nyegere akasema. "Nimefuata cha aliyekula."

Fisi akacheka. Nyegere hakucheka. Jioni ile wapita njia walimwona Fisi akichakura vumbi, kucha zimevunjika, akiuliza mtama unafananaje.

Alichakura mpaka zamu ya mwisho. Siku hiyo Kanga alipokea gunia mbele ya wenzake, na jasho la Fisi lilikuwa humo ndani. Hakupita nyumbani. Vifaranga walikuwa wamekwisha kutangulia kwa Nyegere.

Fisi akawafuata, akasimama mbali kidogo na ua. Akalalama kwamba gunia lile lina vibaba vyake, lirudi nyumbani pamoja na mkewe.

Kanga hakuacha kuwapimia wanawe chakula. "Baba watoto," alisema, "wewe zamu yako ulishaila."

Mla cha mwenzie na chake huliwa.