Mpira wa Mwisho wa Ambakisye

Kaa chini bana, hii siyo ya kusikiliza umesimama. Simu weka mfukoni. Ikiisha utaulizwa kitu, na utatakiwa ujibu.

Mbeya, njia ya kwenda Uyole, kuna kiwanja cha shule. Upande mmoja mashamba ya viazi, upande wa pili ukungu. Hapo vijana wanne walikuwa wanacheza besiboli, na kila mmoja alikuwa na chake.

Gwamaka alikuwa na mkono. Mpira ukitoka kwake unausikia unapasua hewa kabla hujauona. Lusajo alikuwa na jicho. Mrushie upesi, mrushie taratibu, rungu lake litaukuta tu. Anyosisye alikuwa na miguu, mkipepesa kope mnamkuta kashafika kituo cha pili anajipangusa vumbi. Ambakisye, ambaye wenzake walimwita Amba, alikuwa na kitu kisichoonekana. Alikuwa anajua mtu anawaza nini. Ndo maana akawa mdakaji.

Kama hujui, mdakaji ndiye yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, chuma usoni, glavu nene kama mto wa mtoto mchanga. Yeye ndiye anayemwambia mrushaji arushe mpira gani. Hasemi kwa mdomo. Anaonyesha vidole katikati ya mapaja, mpigaji asivione. Kidole kimoja, mpira wa kasi. Vitatu, mpira wa polepole unaodondoka mwishoni. Mrushaji yuko juu ya kituta, wao walikiita kichuguu, na kama hautaki ule mpira anatikisa kichwa.

Sasa mwalimu wao, Mwalimu Kibona, alikuwa na sheria moja. Kichwa kikitikisika, mdakaji anabadilisha. Hakuna kuomba mara mbili. Anayelazimisha anavua glavu, na siyo kwa siku hiyo tu, anavua moja kwa moja.

"Wewe una chuma usoni," Mwalimu alikuwa anamwambia Amba. "Mpira ukirudi, yule wa kichuguuni ana nini?"

Siku moja wakaja wageni kutoka Japani, watu wa timu ya kulipwa, wanatafuta mchezaji mmoja wa kuondoka naye. Mwalimu akawagawa vijana wacheze wenyewe kwa wenyewe. Gwamaka yuko kichuguuni. Lusajo kashika rungu. Anyosisye yuko kituo cha pili, nyuma kabisa ya mgongo wa Gwamaka, na mtu akisimama pale anaviona vidole vya mdakaji kama anavyokuona wewe.

Amba alitaka wageni waone kwamba ana kichwa. Akaonyesha vitatu.

Gwamaka akatikisa kichwa.

Amba akaonyesha vitatu tena.

Gwamaka akamwangalia kidogo, akavuta pumzi, akarusha. Lusajo akaupata katikati. Ule mpira ulirudi kwa kasi kuliko ulivyokwenda, ukampata Gwamaka juu ya sikio. Alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Halafu akakaa. Siku ya tatu akafariki hospitali.

Msibani, Mwalimu Kibona akawaita vijana nyuma ya nyumba, kule kwenye masufuria.

"Nani aliuomba ule mpira?"

Amba alifungua mdomo. Hapo ndipo Anyosisye akasogea mbele.

"Gwamaka alijichagulia mwenyewe, Mwalimu. Amba aliomba wa kasi, mwenzake akakataa."

"Uliona vizuri?"

"Nilikuwa kituo cha pili. Nani angeona kuliko mimi?"

Mwalimu akamtazama, akamtazama Amba, akaenda zake. Baadaye Amba akamvuta Anyosisye shati. "Kwa nini umesema vile?"

"Tumeshazika mmoja. Unataka tukuzike na wewe? Nyamaza, mwanangu. Na usiniulize tena."

Hakuuliza tena. Yale maneno yakamfikia Lusajo, yakamfikia na mama yake Gwamaka: kijana alijichagulia mwenyewe.

Glavu ikabaki mkononi kwa Amba, lakini macho yakamkimbia. Mpira ukija anayafunga. Na mdakaji anayefunga macho kwisha habari yake. Akawa anashinda kwa Mama Gwamaka, anamsaidia kujaza viazi kwenye magunia. Siku moja mama akamrushia kiazi kimoja, kirahisi tu, akiweke kwenye gunia. Amba akafumba macho, kiazi kikampiga kifuani.

"Wewe unaogopa kiazi?"

Amba akakiokota, akakitia guniani.

"Haya, simama kule kwenye migomba."

Kila mchana, miezi minne. Mama anarusha, Amba anadaka. Kwanza vidogo, halafu vile vikubwa kama ngumi.

"Mama, basi kwa leo."

"Bado. Fumbua macho. Mwanangu alikuwa anaiamini hiyo mikono."

Kuna siku kimoja kikampasua mdomo. Damu hadi kwenye shati. Mama akaja taratibu, akamfuta kwa pindo la kitenge, akakaa chini kwenye udongo.

"Hicho nimekirusha kwa makusudi," akasema. "Nilikutazama, nikaona unapumua, nikashikwa na hasira. Nisamehe, baba."

"Hamna shida, mama."

"Basi rudi pale. Bado hujapona."

Mwezi wa nne macho yakabaki wazi.

Na barua ya Japani ikaja. Jina lililoandikwa lilikuwa la Lusajo. Wale wageni walishamchagua siku ile ile, kabla hawajajua kama Gwamaka atapona au hataamka. Lusajo akaipeleka kwa Mwalimu Kibona ikiwa imekunjwa mara nne.

"Wamenitaka kwa lile pigo," akasema. "Siwezi kwenda kula kwa lile pigo, Mwalimu. Nikishika rungu tu nausikia ule mlio. Waandikie, waambie kuna mdakaji."

Amba alipopata habari alimfuata mbio. "Lusajo, hii ni yako."

"Nenda bana. Mmoja wetu akacheze. Mimi nimemuua mtu, wewe hujamuua mtu."

Hapo Amba angeweza kusema. Hapo kabisa. Alisema, "Ndaga, kaka," asante ya kwao ile, akaondoka.

Wale wageni wakamkubali, akacheza kule Japani miaka kumi na moja. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye runinga. Kila mchezo anachuchumaa na kuinuka mara mia na zaidi. Vidole vilivunjika vikaunga upande, magoti yakawa yanalia akipanda ngazi. Lakini siyo hayo yaliyomtesa zaidi.

Mchezo wake wa kwanza kule, alishusha chuma usoni, akaonyesha vitatu. Mrushaji wake, Mjapani mmoja mrefu, akaitikia vizuri. Lakini nyuma ya bega la yule Mjapani alikuwa amesimama mtu mwingine, kavaa fulana ya shule yenye doa la udongo wa Mbeya. Akatikisa kichwa. Pole pole, kulia, kushoto.

Amba akapandisha chuma, akajifuta macho. Hakuna mtu. Akashusha chuma. Yupo.

Miaka kumi na moja, bana. Viwanja vyote, mvua na jua. Gwamaka hakuzeeka. Alibaki na miaka kumi na tisa yake, na Amba akionyesha vitatu tu, kichwa kile kinatikisika. Mwishowe Amba akaacha kuomba mpira wa polepole. Makocha walimsema, timu ikapoteza mechi ambazo hazikuwa za kupoteza. Ila warushaji walimpenda, maana ukimtikisia kichwa anabadilisha hapo hapo, halazimishi. Walimwita mdakaji mpole kuliko wote. Siku walipomwambia hivyo mbele ya watu, akaenda chooni akatapika.

Magoti yalipokwisha akarudi nyumbani. Mwalimu Kibona, mvi kichwa kizima, akasema lazima aagwe kwa desturi ya kiwanja kile. Desturi yenyewe iko hivi: mdakaji anayeacha anamchagua mtu mmoja, mmoja tu. Yule mtu anapanda kichuguuni, anamrushia mpira mmoja, mdakaji anaudaka, na glavu haivaliwi tena maisha. Lakini kabla haujarushwa, mdakaji anasimama mbele ya watu wote anasema yule mtu alimfanyia nini. Siyo asante tupu. Anasema alifanya nini, lini, kwa sababu gani.

Na Amba aliamini jambo moja. Kwamba akipanda mtu mwenye haki ya kupanda, Gwamaka atashuka. Akipanda asiyestahili, au akisema uongo pale, basi atazeeka naye, atakuwa anamwona mpaka kwenye ukuta wa chumbani.

Akazunguka kuwaona wote watatu waliomfikisha pale.

Anyosisye ana duka la spea za pikipiki Mwanjelwa. Alimwona Amba mlangoni, akamtoa mteja nje.

"Usinitaje," akasema. Akapanga boliti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Au nitaje bana. Nimechoka. Nikipita kwa yule mama naangalia chini kama mwizi wa kuku. Mimi nilikutunzia glavu yako, Amba. Kwa kumsingizia maiti. Hiyo nayo ni kazi, au siyo kazi?"

Lusajo anaziba pancha stendi. Alicheka alipomwona.

"Ona Mjapani. Unatembea kama unabeba tenga la mayai."

"Magoti, kaka."

"Wanangu huwa nawaambia, yule anayecheza Japani kwenye picha angekuwa baba yenu." Akatumbukiza tairi kwenye beseni, akawa anatafuta mapovu. "Sijutii lakini. Nikikumbuka kwamba Gwamaka aliutaka mwenyewe ule mpira, napata usingizi. Ingekuwa vingine sijui ingekuwaje."

Amba akaangalia mapovu pamoja naye.

Mama Gwamaka alimpikia chai na viazi. Kazeeka, lakini mkono wa kulia bado una nguvu, alimshika Amba kidevu akamgeuza apate kukiona kile kikovu cha mdomoni.

"Kilipona vizuri."

"Kilipona, mama."

"Kuna kitu nataka kukuuliza tangu ulivyoondoka." Akajaza kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa, chai ikamwagika mezani. "Ile asubuhi, mwanangu anafunga viatu hapo ulipokaa, aliniambia hivi: mama, leo Lusajo simpi wa polepole, ananisubiri nao. Alisema hivyo, kwa mdomo wake. Sasa mbona aliurusha?"

Nje kulikuwa na kuku anakwaruza. Amba alishika kikombe kwa mikono miwili, vidole vyake vyote vilivyopinda.

"Haya," mama akasema. "Kunywa, chai inapoa. Kesho nitakuja kiwanjani."

Na kweli alikuja. Walikuja wote. Kiwanja kikajaa, watoto juu ya ukuta, walimu kwenye viti. Lusajo kaja na mikono bado ina grisi. Anyosisye kasimama mbali, karibu na geti, kama mtu anayetaka kuondoka mapema. Mama Gwamaka kavaa kitenge kipya, kakaa mstari wa mbele, na tangu afike hajakitazama kichuguu hata mara moja.

Amba akavaa vifaa kwa mara ya mwisho. Mwalimu Kibona akamkabidhi mpira.

"Taja jina," akasema. "Halafu utuambie alikufanyia nini."

Amba akaangalia kichuguuni. Gwamaka yupo pale, na fulana yake, anasubiri kama wengine wote.

Sasa tuangalie wote. Bila Anyosisye, Amba angevuliwa glavu siku ya mazishi. Lakini akimtaja yeye lazima afichue ule uongo, na mama atausikia mbele ya umati, amekaa mstari wa mbele. Bila mama, glavu ingekuwepo na macho yasingekuwepo. Lakini yule mama alimponya mtu bila kujua huyo mtu kafanya nini, na ukimpandisha pale bila kumwambia, unamsimamisha palepale alipoangukia mwanawe, akurushie mpira kwa upendo. Bila Lusajo, angekuwa na glavu na macho, akabaki Uyole. Lakini Lusajo alitoa nafasi yake akidhani yeye ndiye mwuaji peke yake. Utamshukuru kwa kulipa deni lako?

Kila mmoja ukimtoa, hakuna mdakaji. Na yuko wa nne aliyekataa mara moja, akaombwa mara ya pili, akakubali, na hakuna aliyewahi kumshukuru.

Watu wakaanza kunong'ona. Mtoto mmoja ukutani akasema, "Mbona hasemi?" Mama Gwamaka akainua uso, akamtazama Amba moja kwa moja, kama alivyokuwa anamtazama kule kwenye migomba kabla ya kurusha.

Amba akavua chuma usoni. Akafungua mdomo.

Haya, wewe uliyekaa hapo. Glavu ni yako, mpira uko mkononi, na wote wanakutazama. Ungemwita nani apande, na ungesema alikufanyia nini?