Zamu ya Maji ya Bibi Nakiete

Sogeeni. Mwenye chungu motoni akakiepue kwanza, maana nikianza sirudii, na mwisho nitawauliza.

Huko milimani Upare walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mrindoko alikuwa na nguvu: kizibo cha ndiva kilichowatoa jasho wanaume wanne, yeye alikichomoa peke yake. Naelijwa alikuwa na masikio: akiinama chini alisikia maji yakitembea ardhini kama mimi ninavyosikia majirani wakigombana. Senzota alikuwa na mikono: akishaziba kwa tope na magome ya mgomba, hapavuji tena.

Ndiva ni bwawa la maji ya mlimani. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji hadi kwa mwenye zamu. Zamu yako ni asubuhi moja kila siku saba. Ikipita, imepita.

Shamba la Bibi Nakiete, mjane asiye na mtoto, lilikuwa la mwisho kabisa mferejini. Mwaka ule mvua iligoma. Zamu yake ya kwanza maji hayakufika. Ya pili hayakufika. Mahindi yalishatoa mbelewele, majani yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Ya tatu nayo ikikosa, bibi hana chakula cha mwaka mzima.

Mnajua kilichosemwa. Afunguaye maji ni Mrindoko, na mfereji unapita ubavuni mwa shamba lake. "Anayanywa njiani yule!" Sitamtaja aliyeanza kuyasema hayo kisimani. Haya, nilikuwapo.

Asubuhi ya zamu ya tatu Mrindoko alichomoa kizibo, akashuka pamoja na maji hadi shambani kwake. Mahindi yake yalikuwa yamekauka kuliko hata ya bibi. Mkewe akamwambia, "Baba Kiende, jina la wizi wameshakuvika. Si afadhali na maji tuyapate? Toboa kwa kisigino tu."

"Nikitoboa, Mama Kiende, watakuwa wamesema kweli."

Akasimama pale pale, mikono mgongoni, maji yakampita yote. Mkewe alilia. Yeye hakugeuka.

Naelijwa naye alikuwa amemwahidi bibi kwamba atatangulia kule chini, asikilize maji yanapotelea wapi. Kumbe asubuhi ile ile wageni wa posa ya bintiye wako njiani na mitungi yao ya pombe ya miwa! Dada yake akamshika kanga. "Bibi atangoja. Mtu mzima yule ana haraka gani?"

"Ana asubuhi moja tu," akasema Naelijwa. "Nikimwibia hiyo, nitamrudishia kutoka wapi?"

Akaenda na nguo zake za posa, Senzota nyuma yake. Akainama, akasikiliza, akapiga kelele, "Senzota, hapa!" Chini ya jiwe kulikuwa na tundu linanguruma, linameza maji yote. Kisha akakimbia kupokea wageni.

Senzota akaziba. Watu walipofika walimkuta yeye peke yake, tope hadi kiunoni. Wakambeba juu juu. "Senzota! Senzota kaokoa mfereji!" Mama yake, maskini, ameshaanza vigelegele. Nani angejua? Angenyamaza tu, sifa ingekuwa yake hadi kaburini.

"Nishusheni," akasema. "Mimi nimeziba. Aliyesikia ni Naelijwa."

Basi wakamfuata Naelijwa, wakamrudisha kwa nyimbo, wageni wa posa nyuma yao. Kufika mferejini akainua mkono. "Nyamazeni! Kuna tundu la pili. Lile la kwanza lilikuwa linanguruma, likaifunika sauti yake." Senzota akalirukia, akaliziba.

Halafu tukayaona.

Maji yalikuja membamba kama uzi, yakisukuma majani makavu na povu, sisimizi wamepanda juu kama abiria. Yakaingia mstari wa kwanza. Udongo ukavuta pumzi, jamani, niliusikia kwa masikio yangu haya ya kawaida. Bibi Nakiete akavua ndara, akasimama ndani ya maji. Jua lilipofika utosini majani yalianza kukunjuka, moja, jingine, jingine. Nimeona jua likipatwa mchana, halikunishika hivi. Nikamtazama Mrindoko, aliyeshuka akiyafuata maji, nikashindwa, nikatazama miguu yangu.

Bibi akasema, "Sina mtoto. Shamba hili na zamu yake namwachia mmoja wenu."

Mmoja, kwa sababu kule zamu haigawanywi. Ukiigawa, maji hayamtoshi yeyote.

"Bibi, mpe Naelijwa," akasema Mrindoko.

"Mpe Senzota," akasema Naelijwa.

"Mpe Mrindoko," akasema Senzota, "aliyeitwa mwizi huku kiu inammaliza."

Bibi akacheka hadi akakaa chini. "Nyie watu! Hata cha kupewa mnakiogopa?"

Mmoja aliacha maji yampite. Mmoja aliacha wageni wake. Mmoja aliacha sifa. Angeiba yeyote kati yao, mahindi yangekufa. Bibi amekaa mferejini, miguu majini, anangoja neno. Wewe ungemwambia ampe nani? Na ulitoe kichwani mwako. Nisione mtu ananiibia jibu la jirani yake.