Kanga na Hesabu ya Wawili Wawili

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa najua mpo.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na sikukuu yao ya mavuno. Sikukuu ilikuwa na kamati. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Ngiri. Kwa nini Ngiri? Kwa sababu alijua kukohoa kabla ya kusema. Sifa nyingine haikuulizwa.

Watoto wa wanyama walikuwa arubaini. Mwalimu wao alikuwa Kanga, yule mama wa madoadoa. Kanga aliona sikukuu inakaribia na watoto hawashikiki, akili zao zote ziko kwenye maandazi. Akasema moyoni, kama akili ziko kwenye maandazi, basi na hesabu nitaipeleka hukohuko.

Akawafundisha kuhesabu kwa kuruka. Maua ya kupamba milango, kila mlango maua mawili: mbili, nne, sita, nane. Maandazi, kila sahani matano: tano, kumi, kumi na tano. Watoto wakaimba, wakaruka, tu, tu, tu, vumbi likapanda.

Ngiri akapita. Akakohoa.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Hesabu, Mzee. Tunakwenda kwa mbili mbili."

"Mbili, halafu nne. Tatu iko wapi?"

"Tumeiruka, Mzee."

"Imewakosea nini?" Ngiri akawageukia wazee wa kamati, nao wakacheka, maana ndiyo kazi waliyochaguliwa. "Huu ni uvivu, Mwalimu. Sisi tulihesabu moja moja, na unatuona tulivyo."

Kanga aliwaona walivyo. Akarudi kwa watoto wake. Lakini neno lile lilimchoma. Uvivu, yeye anayeamka kabla ya jogoo!

Siku ya sikukuu ikafika. Kamati ikaamuru watoto wavuke korongo kavu, wakachume maua ng'ambo.

"Mzee," Kanga akasema, "kule milimani kuna wingu jeusi."

"Wingu halimo kwenye ratiba," akajibu Ngiri.

Watoto wakavuka, kila mmoja na mwenzake. Wakachuma na kuchuma. Mara wakasikia, guuu! Maji yanashuka, nayo ratiba hayakuisoma. Kanga akawaita. Wakarudi mbio, puku puku puku, na korongo likajaa nyuma yao.

"Wote wapo?" Kanga akauliza.

"Nitahesabu mimi," akasema Ngiri. Akakohoa. "Moja, mbili, tatu, nne..." Alipofika kumi na saba, mtoto wa Tumbili akahama mahali. Ngiri akaanza upya. Akafika ishirini na sita, akapiga chafya. Akaanza upya. Maji yalizidi kupanda, na mwenyekiti alizidi kufuata utaratibu.

Kanga hakungoja ruhusa. "Kila mtu ashike mwenzake," akasema.

Watoto wakashikana. Wakaimba wawili wawili, mbili, nne, sita, mpaka thelathini na sita, mpaka thelathini na nane. Kisha wimbo ukakatika. Mtoto wa Tumbili amesimama peke yake.

"Thelathini na tisa," Kanga akasema. "Mwenzako nani?"

"Pimbi. Alisema anachuma ua moja tu la mwisho."

Kanga akaruka, purrr, juu ya maji. Akamwona Pimbi kwenye jiwe katikati ya korongo, amekumbatia maua, maji yanamlamba kucha. Kanga hana mikono ya kumbeba mtoto. Akatua kando yake, akamfunika kwa bawa, akaita ng'ambo.

"Mzee Ngiri, maji yatakufika kifuani. Pitia kushoto. Njoo sasa hivi."

Tusimnyime haki yake. Ngiri aliingia, tena bila kukohoa. Maji yakamyumbisha, akajikaza, akafika. Pimbi akampanda mgongoni. Wakatoka wote wawili wakitetemeka, na hakuna aliyejua nani anatetemeka zaidi.

Jioni wanyama wakakaa kula. Ngiri alikuwa amekauka, na kikohozi kimemrudia. Akahutubia. Akasema kwamba kamati, chini ya uongozi wake, iligundua haraka sana kuwa mtoto mmoja amepungua. Wazee wakapiga makofi. Kanga alikaa nyuma kabisa, manyoya yangali mabichi, akisikiliza jinsi kamati ilivyokuwa hodari.

Mama Pimbi akainuka. Akachukua sahani ya kwanza, ile ya mwenyekiti. Akapita mbele ya Ngiri hotuba ikiwa mdomoni, akaenda mpaka nyuma, akaiweka mbele ya Kanga.

"Kula, Mwalimu," akasema. "Hotuba haipoi. Chakula kinapoa."

Watoto wakamfuata, wawili wawili, wakaketi kwa Kanga. Ngiri akaendelea kuihutubia kamati.

Basi wadogo na wakubwa, sikieni: njia fupi si uvivu ikiwa inafika, na anayedharau elimu mpya kwa sababu hakufundishwa yeye, siku ya hatari atabaki akianza upya.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama imemchoma mtu, mimi nilimtaja Ngiri tu.