Kidawa Asiye na Mfupa

Hapo zamani za kale, Jumanne ya bamvua, siku za maji makubwa, saa tatu na robo asubuhi, maji yalikuwa yanakupwa mwambani. Msiniulize nani alikuwa na saa. Siwema alijua, kwa sababu siku hiyo alikuwa na hofu, na mwenye hofu huhesabu kila kitu.

Siwema alikuwa kambakoche, kamba mkubwa wa miambani, naye ndiye mwenye nyumba. Nyumba yake ilikuwa pango kwenye jiwe: mbele sebule pana, nyuma ufa mwembamba wa kuingilia chumba cha ndani. Humo chumbani aliishi mpangaji wake, Kidawa, jongoo bahari, mweusi, mnene, asiye na mfupa wala jino. Kazi yake ilikuwa kusafisha mchanga wa uani, na Siwema alizoea kumtania: "Kidawa wewe, gunia la maji!"

Lakini leo Siwema hakuwa na hamu ya utani. Gamba lake lilikuwa limeanza kuachia mgongoni. Kesho angejivua, na mpaka gamba jipya ligumuke, angekuwa laini kama nyama ya dafu.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Giza likaingia mlangoni. Alikuwa Bwana Chewa, samaki mwenye mdomo kama mlango wa ghala.

"Bi Siwema, nimeipenda nyumba hii. Toka."

"Nitoke niende wapi, Bwana Chewa, na maji ndiyo hayo yanakupwa?"

"Hilo ni lako. Sheria ya mwamba unaijua: aliye ndani akivutwa akatoka, nyumba si yake tena." Akanusa, akacheka. "Aa! Kumbe kesho unajivua! Basi vizuri. Nimepata nyumba na kifungua kinywa."

Ndevu ndefu za Siwema zikatetemeka, tetete!

"Shikamoo, Bwana Chewa," ikasema sauti kutoka mchangani pale sebuleni.

"Marahaba. Nani huyo anayeongea chini?"

"Mimi Kidawa, mpangaji. Na mimi nimo ndani, kwa hiyo uanze kunivuta mimi. Ukinishindwa, na wewe uingie palepale nitakapoingia, tuone kama utatoka."

"Ha! Wewe nikushindwe? Uji uliomwagika! Haya, nimekubali!"

Siwema akamnong'oneza, "Mwanangu, umerukwa na akili? Huna hata ukucha!"

"Tulia, bibi. Wewe tazama tu."

Siwema akatazama. Miaka yote walikaa nyumba moja, na siku hiyo ndiyo alimtazama Kidawa kwa makini kwa mara ya kwanza.

Chini ya tumbo lake vilitokeza vijiguu, vingi kama mbegu za papai. Kila kimoja kilijaa tone la maji kikarefuka, kikanata kwenye jiwe, nyaa! kisha kikajifupisha na kumvuta mwenyewe mbele. Kimoja hakikuwa na nguvu ya kusogeza hata kokoto. Vyote pamoja vilimbeba kama bibi harusi.

Alipofika kwenye ufa, ambao Siwema mwenyewe, kwa gamba lake gumu lenye miiba, hakuweza kupitisha hata kichwa, Kidawa akalegea. Jamani, alilegea! Akawa kama uji kweli. Akabana kiuno, na maji yaliyobanwa kiunoni yakakimbilia mbele. Akawa mwembamba, akawa mrefu, akamiminika ufani, churururu! Hakupungua hata tone. Maji yalikuwa yaleyale, ila yalikuwa yamehama chumba.

Nje akaacha ncha ya mkia tu. "Tayari, Bwana Chewa! Vuta!"

Chewa akauma, nyaka! Lakini kule ndani Kidawa alikuwa ameshatanuka, amejaa chumba kizima, na ngozi yake imekaza ghafla kama mchi wa mpingo. Chewa akavuta. Akapiga mkia, pwaa! pwaa! Mchanga ukaruka, meno yakateleza. Kidawa hakutikisika.

"Umechoka, mjomba?" aliuliza kwa upole, huku akiuingiza mkia wake ndani. "Zamu yako sasa. Au mlango ni mdogo kwa mkubwa kama wewe?"

"Mdogo? Kwangu mimi?"

Chewa akakiinua kichwa, akabana mashavu, akakisokomeza ufani kwa hasira. Kap! Mashavu yake yakatanuka upande wa pili, yakajifunga kwenye jiwe kama ndoana. Mbele haendi, nyuma harudi.

"We Kidawa! Nitoe!"

"Jilegeze, mjomba, utatoka."

"Siwezi kujilegeza! Nina mifupa!"

"Ah, pole. Basi subiri maji yajae tena. Ni jioni tu."

Maji yalikuwa yameshuka. Pezi la mgongoni la Chewa, lililobaki nje ya mlango, lilikuwa tayari juani, linakauka. Akaanza kulia kama mtoto. Akaapa mbele ya Siwema kwamba hatakanyaga tena mwamba ule, hata kwa kusalimia.

"Basi funga mashavu, usipumue," Kidawa akasema. Akamwekea vijiguu vyake puani, vyote, akajibana kiuno na kurefuka. Akasukuma taratibu, taratibu, kila tone likifanya kazi yake. Pwoo! Chewa akachomoka, akajikokota hadi ukingoni mwa mwamba, akatumbukia kilindini bila kuaga.

Siwema alikuwa bado ameachama. "Kidawa, vitu vyote hivi unavitoa wapi?"

"Ni maji tu, bibi. Si uliniambia mwenyewe mimi gunia?"

Wanangu, mgumu hana ila ugumu wake. Anayejua kulegea na kukaza kwa wakati wake, huyo hatolewi kwake.

Na kesho yake asubuhi, maji yalipoanza kupwa, Siwema alijivua gamba lake zima, kuanzia ndevu hadi mkia. Akalisimamisha mlangoni kama mlinzi. Kisha akageuka, laini na mwenye kutetemeka, akabisha hodi kwenye ufa wa chumba cha ndani.

"Karibu, bibi," alisema Kidawa. "Jilegeze kwanza."

Siwema akafumba macho, akajilegeza, akapita.